Mdomo Usibaki na Ganzi Baada ya Taya Kunyooshwa

Dereva wa bodaboda akianguka kati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma, kidevu kikatangulia chini, taya huweza kuvunjika. Likiunga vibaya, meno ya juu na ya chini hayakutani tena, na hata kutafuna nyama kunakuwa kazi. Wapo pia ambao taya zao zilikua hivyo tangu utotoni, zikapitiliza mbele au zikabaki nyuma. Dawa yao huweza kuwa upasuaji wa kunyoosha taya, na rufaa yaweza kuwatoa Songwe hadi Mbeya au Muhimbili.

Ndani ya taya la chini, kila upande, mna neva inayopita katika mfereji wa mfupa chini ya mizizi ya magego, kisha hutokea mbele kuupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Ndiyo hiyo daktari anayoilenga na sindano ya ganzi unapong'olewa gego la chini.

Mwaka 1957 Richard Trauner na Hugo Obwegeser walieleza namna ya kupasua taya kwa urefu wake ili kipande chenye meno kisogezwe. Mbinu hiyo, iliyoboreshwa baadaye, bado inatumika, na neva imo palepale kati ya mipasuo. Ikijeruhiwa, mdomo huweza kubaki na ganzi. Kinga basi huanza kabla ya kisu: picha ya CT huonyesha mfereji uko umbali gani na ukuta wa nje wa mfupa. Ukiwa umeugusa, hatari ni kubwa zaidi. Wakati wa kupasua, msumeno huishia kwenye gamba gumu la mfupa; vipande hutanuliwa taratibu badala ya kupigiliwa patasi ndani, na skrubu hazikazwi hadi zikaibana neva. Kuna mashine za mtetemo zinazokata mfupa na kuhurumia nyama laini, lakini mkono mwepesi bado hauna mbadala.

Hata hivyo ganzi ya wiki au miezi kadhaa ni kawaida, hasa kwa aliyevuka miaka 40. Uso haupindi, kwa kuwa neva ya kuuchezesha ni nyingine. Uji wa moto ndio wa kuogopa: mdomo huungua bila mwenyewe kujua. Hisia hurudi polepole, kwa kuwa nyuzi za neva zilizoumia hukua tena takriban milimita 1 kwa siku. Ikipita miezi mitatu na pamba haihisiwi kabisa kidevuni, rudi kwa daktari wako mapema. Neva iliyokatika huweza kushonwa, na kuchelewa hupunguza matumaini.