Kofia yako inasema nini kabla hujafungua kinywa?

Tembea kutoka Muthurwa hadi barabara ya Tom Mboya asubuhi na mapema, uangalie vichwa tu. Soja aliyekesha langoni bado amevaa boshori. Makanga ana ngepa iliyogeuzwa nyuma. Mzee wa suti amevaa kofia ya ukingo, ile tunayoita ya Godfather. Mama Mkorino amefunga kilemba cheupe pe. Hakuna aliyekwambia lolote, lakini tayari umemkadiria kila mmoja: umri, kazi, dini, na kama ni lazima ushike simu yako vizuri.

Tabia hii ya kusoma watu kichwani haikuletwa na TikTok. Katika Pwani ya karne ya 19, kofia ilikuwa mpaka kati ya mwungwana na mtumwa. Mtumwa alitarajiwa kutembea kichwa wazi na miguu mitupu, na kujifunika mbele ya bwana kulihesabiwa kuwa ujeuri. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi walioachiwa huru walikimbilia kanzu na kofia. Usidhani ni fasheni tu. Huyo alikuwa mtu anayetangaza mtaani kwamba sasa hana bwana.

Heshima hiyo bado imo kwenye kofia ya vito ya Lamu. Hushonwa kwa mkono, kitundu kwa kitundu, na moja inaweza kumchukua mshonaji miezi kadhaa. Ndiyo maana bei yake hufika maelfu ya shilingi, na ndiyo maana bwana harusi hawezi kuvaa ya plastiki ya kuokota sokoni. Hata lugha inajua uzito wa kichwa: katika desturi za ndoa za Waswahili kuna malipo yanayoitwa kilemba, na mtu akikusifu bila kumaanisha, tunasema amekuvika kilemba cha ukoka.

Mkoloni naye alipanga watu kwa kofia. Mzungu alivaa helmeti nyepesi ya jua, akiamini kwamba jua la Afrika lingemchoma ubongo. Askari wa KAR alipewa tarbushi. Mpishi na mtumishi wa nyumbani mara nyingi alivishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, ili mgeni ajue mara moja nani ataleta chai. Kinachochekesha ni kwamba wakoloni walienda, helmeti ikabaki. Siku za sherehe za kitaifa, angalia vizuri maafisa wa utawala wa mikoani, utaiona.

Uhuru ulipokaribia, viongozi walitafuta kofia isiyonuka ukoloni. Jaramogi Oginga Odinga alivaa kofia ya shanga ya Waluo. Mzee Jomo Kenyatta, Mkikuyu, naye akaonekana mara kwa mara na kofia ya shanga ya aina hiyo. Kwa picha tu, ujumbe ulikuwa wazi: tuko pamoja. Lakini shanga hazikutosha kuwashikilia. Mwaka 1966 Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais, na njia zao zikatengana kabisa.

Karibu miaka 60 baadaye, kofia ya mwanawe ililiza nchi. Raila Odinga alipofariki India Oktoba 2025, bintiye Winnie alionekana uwanja wa ndege akiwa na kofia ya babake mkononi. Hakukuwa na haja ya hotuba. Hata wale ambao hawakuwahi kumpigia kura walijua kofia hiyo ni ya nani.

Sasa tugeukie boshori, ambayo wengine huita mavini. Kazi yake ni rahisi: kuzuia baridi ya Limuru au ya Nairobi mwezi Julai. Lakini kijana akiivaa saa tatu usiku Eastlands, anaweza kusimamishwa na kupekuliwa kabla hajaulizwa anatoka wapi. Halafu katika maandamano ya 2024 na 2025, Wakenya walilalamikia maafisa wasio na sare waliofunika nyuso walipokuwa wakikamata watu. Kitambaa ni kile kile. Kwa kijana kilikuwa ushahidi kwamba ana nia mbaya, kwa afisa kikawa njia ya kutojulikana. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kofia fulani ni ya wakora, muulize kwanza aliyeivaa ni nani, na anayemsimamisha ni nani.

Mambo haya hufika hadi mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi uliokuwa umeruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mwaka huo huo, Mahakama Kuu ilimpa ushindi msichana wa Kirasta aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta zake. Kesi mbili, vichwa viwili, majibu tofauti. Waliobeba mzigo wote walikuwa watoto waliotaka tu kusoma.

Hata bila mahakama, kila siku tunajadiliana na sheria za kichwa. Kanisani mwanamume anavua, msikitini anavaa. Benki soja atakwambia uvue ngepa ili kamera ikuone. Ukienda kuona wakwe, mama atakukumbusha mwenyewe.

Basi wikendi hii ukiwa Gikomba au Toi ukipekua mitumba, chagua unayopenda, hata kama ina nembo ya timu ya Marekani usiyoijua. Lakini jua itaanza kuongea kabla yako. Na ukikutana usiku na kijana wa boshori, kumbuka kwamba huenda ni soja anayetoka kazini, na yeye pia anashika simu yake vizuri akikuona.