Mhadhara wa Mikoko na Mzee Aliyeketi Nyuma

Majuzi, baada ya sala ya alasiri, nilihudhuria mhadhara juu ya mikoko katika ukumbi mmoja hapa Mombasa. Mhadhiri alisema kwa Kiingereza, tena kwa ufasaha: mizizi huzuia udongo usiliwe na bahari, samaki na kaa huzaliana humo, na mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Kabla ya hapo majahazi yalizipakia Lamu yakazipeleka Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu.

Nyuma yangu aliketi mzee mmoja, zamani mkata mikoko, tasbihi mkononi.

"Umefahamu, mzee wangu?"

"Nimeona picha tu, mwanangu."

Watu walipotawanyika tulikaa barazani. Akanihesabia: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila mti na unene wake na kazi yake. "Vyumba vyetu vya kale vyembamba kwa nini? Dari haiwezi kupita urefu wa boriti."

Sanaa, historia na mazingira kwa kauli moja, na ukumbi haukuisikia! Nami, nakiri, Kiingereza nakijua, wala sikunyanyua mkono nimfasirie.

Mhadhara ujao ni wa milango ya nakshi. Nitampitia nyumbani kwake, tuketi safu ya mbele.