Ushuru wa Kodi za Nyumba Mombasa

Neno kodi lina maana mbili katika lugha yetu, kwani ndilo alipalo mpangaji kwa mwenye nyumba na ndilo serikali itozalo raia wake. Kwa hiyo hapa nitamwachia mpangaji neno hilo, na kile kiendacho serikalini nitakiita ushuru, msomaji asije akachanganyikiwa katika mas-ala ambayo tayari yamewatatiza wenye nyumba wengi wa Mombasa.

Tangu Januari 2016, mkaazi wa Kenya apangishaye nyumba za makazi hutozwa ushuru wa kila mwezi juu ya kodi apokeazo, na kiwango chake, kilichoanza kwa asilimia 10, kimekuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Utaratibu huu wamhusu yule ambaye kodi zake za mwaka zimezidi shilingi 288,000 wala hazikuvuka milioni 15. Nyumba ya Kisauni yenye vyumba sita, kila kimoja shilingi 5,000, huingiza 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni shilingi 2,250 kila mwezi, ulipwe kabla haijapita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata vyumba vikiwa vitupu mwezi mzima, taarifa ya sufuri haina budi kupelekwa.

Lililo zito, na ambalo naona halielezwi vya kutosha, ni kwamba sehemu hiyo hukatwa katika kodi yote bila kutazama gharama. Aliyeezeka mabati upya, aliyemlipa fundi wa mabomba, na hata mwenye nyumba bila ardhi, ambaye kuta ni zake ilhali kiwanja ni cha mwingine amlipaye kila mwezi, wote hawapunguziwi kitu. Lakini sheria hiyohiyo imemwachia mtu hiari ya kumwandikia Kamishna wa ushuru wa serikali kwamba ataka kuhesabiwa kwa mwaka pamoja na mapato yake mengine, na hapo gharama hutolewa kwanza, ikiwemo riba ya mkopo (riba tu, si marejesho ya deni lenyewe). Aliyekopa benki akajenga Nyali, akapata kodi ya 150,000 kwa mwezi ilhali riba yamla 120,000, atalipa kwa njia ya kila mwezi shilingi 135,000 kwa mwaka. Kwa njia ya mwaka husalia 360,000 baada ya riba, na hata zikitozwa zote katika daraja la asilimia 30, ushuru ni 108,000, kabla hajatoa matengenezo.

Duka lililo mbele ya nyumba halimo katika utaratibu wa kila mwezi. Kodi yake huingia katika hesabu za mwaka.

Stakabadhi sharti ziwekwe miaka 5 kwa uchache, nami nawasihi wenye nyumba wasiishie hapo, maadamu siku ya kuuza hutozwa asilimia 15 ya faida, na gharama ya kununua na ya kuongeza vyumba hutolewa tu ikiwa ina ushahidi. Aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo miaka 3 mfululizo hadi siku ya kuihamisha amesamehewa. Mrithi aliyeipangisha hapati msamaha huo, naye aghalabu ndiye asiyejua karatasi za marehemu ziliwekwa wapi.