Mikono ya Mama si Mkanda wa Usalama

Ndugu askari na ndugu polisi, kuna msemo tuusikiao sana matangani na mahospitalini: ajali haina kinga. Msemo huo una ukweli wake, kwa kuwa hakuna mwanadamu aijuaye saa wala mahali pa msiba. Hata hivyo wapo wautumiao kufunika uzembe, na sisi tuvaao sare haitupasi kuwa miongoni mwao. Kama kinga haipo, kwa nini twavaa kofia za chuma? Kwa nini twachimba mahandaki, na kwa nini mlinzi wa zamu hufunga usalama wa bunduki yake? Askari hawezi kumzuia adui asipige risasi, lakini aweza kujiweka mahali ambapo risasi haitamdhuru. Barabarani mambo ni hayo hayo.

Dereva wa lori la kikosi hatoki kambini kabla hajatazama maji, mafuta ya injini, breki, taa na magurudumu. Abiria wake huhesabiwa, na kila mmoja huonyeshwa mahali pake. Lakini jioni, dereva huyo huyo akisha kuvua sare na kuiwasha motokaa yake ya nyumbani, nidhamu hiyo yote huachwa nyuma ya lango. Mtoto mchanga hupakatwa na mama katika kiti cha mbele. Wa pili husimama katikati ya viti, akishika bega la baba. Wanne hubanana nyuma, na mmoja wao ametoa kichwa dirishani. Tukiuliza, twajibiwa kwamba safari ni fupi, tena mama amemshika mtoto vizuri.

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima leo, kwa sababu linaua. Motokaa ikienda kilomita 50 kwa saa, kila aliyemo ndani naye anakwenda kasi hiyo hiyo. Gari likigonga mti na kusimama ghafla katika nafasi ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Askari hodari aweza kuinua gunia moja akiwa amejitayarisha, lakini hakuna mama wala mwanajeshi awezaye kuyadaka mawili kwa mikono, bila onyo, kwa kufumba na kufumbua. Pigo lenyewe ni sawa na kuanguka kutoka juu ya jengo lenye urefu wa karibu mita 10. Tena yafaa kujua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne.

Wapo wanaodhani kwamba watamwokoa mtoto kwa kumfunga pamoja na mama katika mkanda mmoja. Hilo ni baya zaidi, kwa maana mwili wa mama ndio utakaombana mtoto juu ya mkanda na kumponda.

Mkanda tuuonao leo katika motokaa, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, wa kampuni ya Volvo. Yafaa sisi askari tujue kwamba kabla ya hapo mtu huyo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita zinapopata hatari. Aliijua nguvu ya mwendo, na aliujua udhaifu wa mwili wa binadamu. Lakini mkanda wake ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Ukimfunga mtoto mdogo, kipande cha juu humkaba shingo na cha chini humkata tumbo. Ndiyo sababu vikatengenezwa viti vya watoto.

Viti hivyo ni vya namna tatu. Mtoto mchanga hulazwa katika kiti kinachotazama nyuma ya gari, ili pigo likija, mgongo wote ulipokee badala ya shingo yake laini. Abaki hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyomruhusu, walau hadi apite miezi 15. Akikua, huhamia katika kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani. Baadaye huketi juu ya kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Shirika la Afya Duniani lashauri watoto watumie viti vyao hadi wafike walau miaka 10 au urefu wa sentimita 135. Shirika hilo laeleza pia kwamba viti hivyo huweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa asilimia 71.

Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hufumka kwa nguvu nyingi na waweza kumuua mtoto ambaye ajali yenyewe isingemdhuru. Anayenunua kiti kilichotumika na ahakikishe kwamba hakijapata kuwamo katika ajali, kwani nyufa nyingine hazionekani kwa macho. Kiti kikisha kufungwa, kishikwe na kutikiswa; kikicheza sana, kifungwe upya.

Hapana shaka msomaji mwingine atasema kwamba mshahara wake hautoshi kununua viti vya watoto watatu. Twamwelewa. Lakini yapo mambo yasiyogharimu hata shilingi moja. Watoto wote wakae nyuma. Kila mkanda uwe na mtu mmoja tu. Mtoto mkubwa aufunge mkanda ukipita katikati ya bega na chini mifupani mwa nyonga, si tumboni. Wala asiupitishe chini ya kwapa. Milango ya nyuma ifungwe kwa kufuli ya watoto. Na zaidi ya yote, hesabu ya mikanda ndiyo iwe hesabu ya abiria. Gari lenye mikanda mitano halichukui watu tisa, hata ikiwa ni Krismasi au Idi na bibi anawangoja wajukuu kijijini. Ni afadhali kwenda safari mbili kuliko kwenda moja isiyo na kurudi. Mwenye uwezo wa kununua kiti kimoja tu, akinunue kwa ajili ya yule mdogo kuliko wote.

Mkanda hauwezi kuponya kila kosa la dereva. Kwa hiyo ukaguzi wa kambini uhamie nyumbani. Itazamwe breki na taa. Yatazamwe matairi, maana kuna matairi makuukuu yanayouzwa yakiwa yamepakwa rangi nyeusi. Ubavuni mwake zimo tarakimu nne, na 2319 maana yake ni kwamba lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dereva aliyelinda lindo usiku kucha asishike usukani asubuhi kabla ya kulala. Kwa mwendo wa kilomita 80, gari hukata mita 22 kila sekunde, na kusinzia kwa sekunde tatu tu ni mita 66 za barabara bila dereva.

Aidha, tusishindane kupita wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, katika barabara kuu ya Kampala hadi Gulu, wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaliyotoka pande mbili tofauti yaligongana wakati madereva wakijaribu kupita magari mengine. Makumi ya watu walikufa. Asiyeona mbele kilimani au konani, na abaki nyuma ya lori hata likienda polepole. Haraka haraka haina baraka.

Kuna hatari nyingine iliyo mlangoni petu. Katika nyumba za kambini watoto huchezea nyuma ya magari, na mtoto aliyechuchumaa haonekani katika kioo. Kabla ya kurudi nyuma, dereva alizunguke gari lake kwa miguu na ajue kila mtoto yuko wapi. Vile vile mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache. Katika dakika 10 joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na mwili wa mtoto huchemka upesi kuliko wa mtu mzima.

Neno letu la mwisho ni kwa ndugu zetu wa trafiki, na kwa sisi sote tunaosimamishwa nao. Mara nyingine mwenye sare hufika kizuizini akiwa na watoto waliosimama katikati ya viti. Akitambuliwa, hupigiwa saluti na kuachwa apite. Saluti hiyo ni heshima ya baba, lakini haimkingi mtoto. Polisi anayemsimamisha mwenzake na kumwambia, "Afande, mfunge mtoto kwanza," hajamvunjia heshima. Amelinda nyumba yake.

Mtoto hana cheo wala amri. Hakuchagua mwendo wa gari, wala hakuchagua mahali pa kuketi. Amri ni ya mwenye usukani peke yake. Basi kabla ya kuwasha injini, dereva ageuke nyuma na kuuliza kama aulizavyo kamanda, "Wote mmefunga?" Asiondoke mpaka ajibiwe na kila mmoja, na yule asiyeweza kusema bado, amfunge kwa mikono yake mwenyewe.