Wanaotupima Wanafunzwa Nini?

Tumeulizwa mara nyingi: hawa vijana wa chuo kikuu wanaokuja na mizani na kanda, wakamuuliza mama jana alipika nini na alitia mafuta vijiko vingapi, wanatafuta nini? Na mbona wengi wakishaenda hawarudi?

Tutazame kazi iliyofanyika Embu. Kati ya 1984 na 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuchunguza chakula cha familia za huko. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Misri na Meksiko. Ikaonekana kwamba watoto waliopata nyama na maziwa, hata kidogo, walikua vizuri zaidi. Lakini mtu angeweza kusema, ni kwa sababu kwao kuna pesa. Basi mwaka 1998 watafiti wakarudi Embu, wakachukua watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Shule zingine zilipewa githeri yenye nyama ya kusaga, zingine githeri na maziwa, zingine githeri iliyoongezwa mafuta. Zingine hazikupewa chakula, lakini familia za watoto hao zilipewa mbuzi, jambo tunaloliona la haki. Wale wa nyama waliwashinda wenzao wote katika mtihani wa kufikiri, na misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi. Maziwa yaliwasaidia kurefuka watoto waliokuwa wamedumaa.

Matokeo kama hayo hayapatikani kama anayepima hajui kupima. Kanda ikilegea kidogo mkononi, mtoto mwenye njaa anaandikwa mzima. Kwa hiyo watafiti wanaofunzwa vizuri hupima mtoto mmoja wakiwa wawili, kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha. Mizani inajaribiwa kwa kitu chenye uzito unaojulikana. Na kuuliza mambo ya chakula ni kazi ngumu kuliko kupima! Lazima mtu ajue kikombe cha nyumba hiyo kinaingia kiasi gani, na aulize bila kumwaibisha mama ambaye jana hakupika. Hapo profesa wa ng'ambo hawezi kitu bila kijana anayejua lugha ya hapo.

Siku hizi kuna jambo lingine. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na papo hapo wanawake 45 kwa kila 100, wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi. Unaweza kuyakuta yote mawili katika boma moja. Hesabu yenyewe ni hii: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, halafu gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 80 na mita 1.6 anapata 31 na kidogo. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupita kiasi. Kwetu mtu akinenepa tunasema ana afya, akikonda watu wanaanza kunong'ona, kwa hiyo mtafiti aliyefunzwa mambo ya njaa peke yake atasahau kuuliza juu ya sukari ya chai, mandazi na soda.

Wakija kwenu, waulizeni kibali cha NACOSTI na barua ya kamati ya maadili ya utafiti. Mna haki ya kuelezwa kazi yote kabla ya kukubali, na ya kukataa au kujitoa katikati, na hakuna wa kuwanyima dawa wala huduma kwa ajili hiyo. Mama aambiwe kilo za mtoto wake siku ile ile. Tena mwelewane mapema ni lini watarudi kusoma matokeo kwenye baraza, na mwenyekiti aandike tarehe hiyo katika kitabu cha kikundi.