Lugha za Wenyeji na Upinzani wa Mwanzo dhidi ya Utawala wa Kiingereza nchini India (1878-1914)

0. Utangulizi

Historia ya ukombozi wa India husimuliwa mara nyingi kuanzia kwa Mohandas Gandhi, aliyerudi nchini mwake kutoka Afrika Kusini mwezi wa Januari 1915. Hata hivyo, wakati huo upinzani ulikuwa umekwisha kupitia karibu miaka arobaini ya madai, magazeti, mashtaka na vifungo. Makala haya yanachunguza kipindi hicho kwa upande mmoja ambao wanaisimu hawawezi kuupuuza, nao ni upande wa lugha. Yanakusudia kuonyesha kwamba serikali ya kikoloni iliweza kuvumilia malalamiko mengi yaliyoandikwa kwa Kiingereza, lakini iliingiwa na hofu pale malalamiko yaleyale yalipoanza kusemwa kwa Kibengali, Kimarathi au Kigujarati.

1. Sheria ya mwaka wa 1878

Baada ya maasi makubwa ya mwaka wa 1857, India ilitoka mikononi mwa Kampuni ya Biashara na kuwekwa chini ya Malkia wa Uingereza moja kwa moja (1858). Magazeti ya lugha za wenyeji yaliongezeka mwaka hata mwaka. Nakala zake hazikuwa nyingi, ila kila nakala ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na hivyo habari iliwafikia hata wasiojua kusoma. Serikali iliajiri wafasiri waliotayarisha kila juma muhtasari wa siri wa yaliyoandikwa humo.

Katika miaka ya 1876-1878 njaa kali iliua mamilioni ya watu. Katikati ya njaa hiyo, mwezi wa Januari 1877, Lord Lytton, mwakilishi wa Malkia, alifanya sherehe ya fahari mjini Delhi kumtangaza Malkia Victoria kuwa Mtawala Mkuu wa India. Magazeti ya wenyeji hayakunyamaza. Mwezi wa Machi 1878 Lytton alijibu kwa sheria iliyompa hakimu uwezo wa kumdai mchapaji dhamana ya fedha na kumnyang'anya mitambo yake, bila ya haki ya kukata rufani mahakamani. Magazeti ya Kiingereza hayakuguswa.

Gazeti la Amrita Bazar Patrika, lililoanzishwa mwaka wa 1868 huko Bengal kwa lugha ya Kibengali, liligeuka mara moja kuwa la Kiingereza. Wahariri walikuwa walewale na maoni yao hayakubadilika; lakini kwa kuwa sasa waliandika kwa Kiingereza, sheria haikuweza kuwashika. Kwa hiyo kilichokuwa kimewekewa mipaka si fikra zenyewe, bali njia ya kuwafikishia watu wa kawaida. Sheria hiyo ilifutwa miaka michache baadaye, chini ya Lord Ripon.

2. Kongresi na lugha yake

Mwezi wa Desemba 1885 wajumbe 72 walikutana Bombay na kuunda Kongresi ya Taifa ya India. Rais wake wa kwanza alikuwa W. C. Bonnerjee, wakili wa Calcutta. Walizungumza kwa Kiingereza, na sababu yake inaeleweka: mwanasheria wa Madras na mwenziwe wa Calcutta hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, na madai yao yalielekezwa London.

Matunda ya njia hiyo si ya kudharauliwa. Dadabhai Naoroji, aliyechaguliwa mwaka wa 1892 kuwa mbunge katika Bunge la Uingereza, alionyesha kwa hesabu jinsi mali ya India ilivyovuja kila mwaka kwenda Uingereza kwa njia ya mishahara, pensheni na malipo mengine ya serikali. Lakini mkulima aliyelipa kodi hiyo hakuweza kuzisoma hesabu hizo. Kongresi ilisema kwa niaba yake, kwa lugha asiyoijua.

3. Kesi ya mwaka wa 1897

Bal Gangadhar Tilak alifuata njia nyingine. Mwaka wa 1881 yeye na wenzake walianzisha mjini Poona magazeti mawili: Mahratta kwa Kiingereza na Kesari, yaani "simba", kwa Kimarathi. Kuanzia mwaka wa 1893 aliigeuza sikukuu ya mungu Ganapati kuwa mkutano wa hadhara; kisha ikaongezwa sikukuu ya kumkumbuka Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17.

Tauni ilipozuka, askari walitumwa kupekua nyumba za Poona, na watu walichukizwa. Tarehe 22 Juni 1897 W. C. Rand, msimamizi wa kazi hiyo, alipigwa risasi. Tilak hakushtakiwa kwa mauaji, bali kwa maandishi ya Kesari kuhusu Shivaji yaliyotoka juma moja kabla. Kifungu 124A cha Kanuni ya Adhabu kilikataza kuamsha chuki dhidi ya serikali. Jaji Strachey alilifasiri neno la Kiingereza lililotumika katika kifungu hicho kuwa ni "kukosa mapenzi" tu. Kwa ufasiri huo, hata asiyeipenda serikali angeweza kuwa mhalifu. Kati ya raia tisa walioapishwa kuamua, Wazungu sita walimtia hatiani, na Wahindi watatu walikataa. Tilak alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

4. Maneno mawili

Tarehe 16 Oktoba 1905 Lord Curzon aliigawa Bengal sehemu mbili. Siku hiyo, kwa wito wa mshairi Rabindranath Tagore, watu walifungana nyuzi mikononi kama ishara ya undugu. Nguo za Uingereza zilisusiwa na kuchomwa moto. Neno la mapambano lilikuwa swadeshi, na mwaka wa 1906 Naoroji, akiwa rais wa Kongresi, alitaja lengo kuwa swaraj.

Maneno yote mawili yanaanza na mzizi wa Kisanskriti sva, "-enyewe". Desha ni nchi; rajya ni utawala. Swadeshi, basi, ni "cha nchi yetu wenyewe", na swaraj ni "kujitawala", ambapo kiambishi -ji- cha Kiswahili kinafanya kazi iliyo karibu na ile ya sva. Maneno hayo hayakuhitaji mfasiri kwa Mbengali wala kwa Mmaratha.

Hata hivyo, lugha ya wenyeji ilibeba pia alama za dini. Sikukuu za Ganapati na Shivaji ziliwavuta Wahindu na kuwaacha Waislamu pembeni. Mwezi wa Desemba 1906 chama cha Muslim League kiliundwa Dhaka, na mpasuko huo haukuzibika.

5. Kesi ya mwaka wa 1908

Tilak alishtakiwa tena kwa makala za Kesari zilizoandikwa baada ya bomu la Muzaffarpur. Alijitetea mwenyewe kwa siku kadhaa, akibishana na mfasiri wa mahakama juu ya maana ya maneno ya Kimarathi. Wazungu saba walimtia hatiani, Wahindi wawili walikataa. Alipewa miaka sita, akapelekwa Mandalay, nchini Burma, hadi mwaka wa 1914. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay waligoma siku sita, siku moja kwa kila mwaka wa kifungo.

6. Hitimisho

Mgomo huo ulionyesha jambo ambalo maombi ya Kiingereza hayakuwahi kulileta: wafanyakazi wa kawaida waliacha mashine kwa ajili ya mhariri wa gazeti. Mwaka wa 1909 Gandhi aliandika Hind Swaraj kwa Kigujarati, akiwa melini. Mwaka wa 1910 serikali ya Bombay ilikipiga marufuku kitabu hicho, naye akajibu kwa kukitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Kama wahariri wa Patrika mwaka wa 1878, alitambua kwamba mtawala alikuwa akiuliza kwanza kitabu kimeandikwa kwa lugha gani, ndipo aulize kinasema nini. Kwa hiyo anayetafiti upinzani dhidi ya ukoloni, popote ulipotokea, hana budi kuuliza si madai gani yaliyotolewa tu, bali pia yalitolewa kwa lugha ya nani.