Hema au lona: tuchague nini kabla ya mvua?



Kila mwaka mvua zinapokaribia, swali ni lilelile kwenye foleni ya kugawiwa vifaa: "Nichukue hema, au nichukue lona na miti?" Wengine wanauliza kwa sababu wamefika juzi. Wengine hema lao limechanika. Wengine wana ndugu Pemba au Mtwara anayetaka kuwanunulia hema la dukani, lile linalofunguka mara moja. Sisi maaktivista wa afya tumezoea kuulizwa mambo ya kuhara na malaria, lakini katika kutembelea kaya nimeona kwamba magonjwa mengi yanaanzia pale mtu anapolala. Kwa hiyo leo naandika juu ya hema.

YALIYOTUPATA SISI

Sisi ni watu wa Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 vita vilipozidi tulikwenda Palma kwa jamaa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma nayo ikashambuliwa, tukatoka tena, safari hii kwa mashua mpaka ufuo wa Paquitequete, Pemba. Safari ya kwanza tulilala njiani chini ya mikorosho. Safari ya pili, baada ya muda, tulipata hema.

Siku tuliyopewa hema tulifurahi sana. Tulikuwa watu wanne, tukaliinua kabla ubwabwa wa mchana haujaiva. Mama akasema, "Leo tumepata nyumba." Tulipigilia vigingi kwenye mchanga, tukafunga kamba, tukaingia. Mfereji hatukuchimba, maana jua lilikuwa linawaka na mbingu nyeupe.

Usiku wa tatu mvua ilikuja na upepo. Vigingi viling'oka kimoja baada ya kingine kama mihogo, na hema likatuangukia. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi minne. Tulimtoa salama, lakini tulikesha kwenye maji mpaka alfajiri. Siku mbili baadaye mtoto alikuwa anapumua haraka haraka na kukataa titi. Kituo cha afya wakasema ni nimonia. Alitibiwa, akapona, na leo anakimbia na wenzake. Hema lile halikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu nawaeleza, lisije likawapata na ninyi.

HEMA LINA NINI, NA HALINA NINI

Hema la familia la UNHCR lina chumba cha mita za mraba 16, yaani hatua ndefu nne kwa nne, pamoja na vibaraza viwili, mbele na nyuma. Limepangwa kwa watu watano. Kipimo wanachofuata mashirika mengi duniani, kinachoitwa Sphere, ni angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipofunikwa kwa kila mtu. Sasa hesabu watu wako. Familia ya watu wanane au tisa, na hapa kwetu ziko nyingi, haienei kwenye hema moja. Mkibanana, kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote. Waambie wanaoandikisha idadi yenu ya kweli, na kama ni wengi, ombeni hema la pili au lona ya kuongezea.

Uzuri wa hema ni kwamba linasimama siku hiyohiyo. Tena lina vitambaa viwili, cha nje na cha ndani. Katikati inapita hewa, kwa hiyo joto linapungua na mvua ikipenya cha nje haifiki haraka kitandani. Lina milango miwili na madirisha ya neti.

Ubaya wake ni mambo mawili. La kwanza, halidumu. Jua letu na hewa ya chumvi vinalila kitambaa, na baada ya mwaka mmoja hivi linaanza kuchanika. La pili ni uzito. Hema hilo lina kilo 50 na zaidi. Lona ya mita 4 kwa 5 ina kilo 4 hivi.

Jambo hili la uzito nilifundishwa na bibi mmoja wa bloku yetu. Nilimsifia hema lake lilivyokaa vizuri. Akanijibu, "Kweli, mjukuu wangu. Lakini siku ya kukimbia nitalibeba na nani?" Nilinyamaza. Sisi ambao tumehama mara mbili na mara tatu tunajua kwamba kitu kizuri usichoweza kukibeba utakiacha nyuma. Kama una hema, bado tafuta lona moja uiweke imekunjwa pamoja na kamba. Hiyo ndiyo itakayokwenda kichwani.

NANI ACHUKUE NINI?

Hakuna jibu moja kwa watu wote. Angalia nguvu ulizonazo nyumbani na muda utakaokaa.

Chukua hema kama umefika sasa hivi na watoto wanalala nje. Kama wewe ni mzee au mgonjwa na huna mtu wa kukata miti. Kama mama amejifungua karibuni. Au kama bado hujaonyeshwa kiwanja cha kukaa. Katika hali hizo, kusimama haraka ndiyo dawa.

Chukua lona, miti, mianzi na kamba kama kiwanja umeshapewa, vijana wapo, na mnatarajia kukaa zaidi ya msimu mmoja. Nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, yenye paa la makuti au nyasi juu ya lona, ina ubaridi mchana kuliko hema, na ikichakaa inatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapahapa. Makuti yakiwa juu, jua haliipigi lona, nayo inadumu zaidi.

Wengi wetu tunaweza kufanya yote mawili: kuanza na hema, na kila wiki kujenga kidogo kidogo pembeni yake. Hema likichoka, nyumba iko tayari. Anayengoja hema lichanike ndipo aanze kutafuta miti, mvua itamkuta uwanjani.

MAHEMA YA DUKANI

Mahema madogo yanayofyatuka yenyewe yametengenezwa kwa watalii wanaolala usiku mmoja au mawili. Ni mepesi na yanafunguka haraka kweli. Lakini mengi yana kitambaa kimoja tu cha nailoni. Usiku pumzi za watu zinageuka maji ukutani, na mchana humo ndani mtoto hawezi kukaa kwa joto. Ukikaa nalo miezi, jua linalimaliza.

Kama ndugu yako anataka kununua, mwambie akague haya kabla ya kutoa pesa:

1. Liwe na vitambaa viwili, cha nje kikishuka karibu kufika chini.
2. Mishono ya nje iwe imezibwa kwa utepe kwa ndani. Amwage kikombe cha maji juu ya mshono angalie kama yanapita.
3. Sakafu yake ipande ukutani kiasi cha shubiri moja, kama beseni, ili maji ya chini yasiingie.
4. Mtu mzima aweze kusimama ndani. Hema la kuingia kwa kutambaa linamtesa mgonjwa, mjamzito na mzee.
5. Liwe na madirisha ya neti pande mbili, hewa ipite.
6. Nguzo ziwe imara, na kama ikiwezekana apewe nguzo na vigingi vya akiba.

Tena asiamini idadi iliyoandikwa kwenye mfuko. "Watu sita" mara nyingi maana yake ni watu sita wamelala ubavu kwa ubavu, bila ndoo wala sufuria. Kwa familia inayoishi humo, gawanya kwa mbili.

KUSIMAMISHA KWENYE MCHANGA WETU

Pwani yetu ni mchanga, na kigingi cha kawaida hakishiki. Fanya hivi. Jaza mchanga kwenye gunia dogo, lifunge kamba katikati. Chimba shimo la kina cha goti, lilaze gunia ndani, fukia na ukanyage sana. Kamba itoke ardhini kwa mshazari kuelekea hema. Kama hakuna gunia, tumia kipande cha mti kinene urefu wa mkono, nacho ukilaze vivyo hivyo. Fanya kwa kamba zote, usichague nne tu. Mvua ikinyesha kamba nyingine zinakaza na nyingine zinalegea, kwa hiyo zipitie kila jioni.

Pepo zetu zote mbili zinatoka upande wa bahari. Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na kaskazi inavuma kuanzia Novemba mpaka Machi, pamoja na mvua. Elekeza upande mwembamba wa hema kwenye upepo, usiuelekeze ubavu. Upepo ukizidi, funga mlango wa upande wa bahari na utumie ule mwingine.

Usisimamishe hema bondeni, hata kama pana kivuli, wala kwenye njia ya maji ya mwaka jana. Waulize waliotangulia. Chimba mfereji kuzunguka hema, kina cha shubiri, na uuelekeze mteremkoni. Usiuelekeze mlangoni kwa jirani wala kwenye choo. Maji yakisimama mahali, yafukie, maana mbu wa malaria wanazaliana humo.

Lona usiitoboe. Tundu moja likianza, upepo unalimaliza. Kama huna tundu la kupitishia kamba, weka jiwe dogo laini ndani ya pindo, likunjie humo, halafu funga kamba shingoni mwa lile jiwe. Hapo hapachaniki.

AFYA NDANI YA HEMA

Chandarua: Wengi wanasema hemani hakuna pa kukitundika, kwa hiyo kinabaki kwenye mfuko au kinakwenda kuvua dagaa. Funga kamba moja kutoka nguzo mpaka nguzo, juu katikati ya hema, na utundike chandarua hapo. Mikeka ya watoto na ya mjamzito iwe chini yake kila usiku, hata usiku usio na mvua.

Joto: Mchana fungua milango yote miwili. Jenga kivuli cha makuti juu ya hema, kisiguse kitambaa. Mtoto mchanga asiachwe ndani saa za jua kali. Mtoe chini ya mti na umnyonyeshe mara nyingi.

Moto: Usipike ndani, hata mvua ikinyesha, wala usiingize jiko la mkaa ili kupata joto. Moshi wa mkaa unaua watu wakiwa usingizini. Jenga kibanda cha kupikia pembeni, mahali ambapo upepo hautarushia cheche kwenye hema. Kati ya hema na hema ziachwe mita 2 au zaidi, ili moto wa mmoja usiwe wa bloku nzima.

Kikohozi: Mtoto akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akiwa na homa, usingoje asubuhi mbili. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

KIMBUNGA HAKIKABILIWI NA HEMA

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga mkoa wetu kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na Ibo, Macomia na Quissanga ziliumia sana. Baadaye kipindupindu kikafuata, na mwezi Mei mwaka uleule watu wakachanjwa. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kikaingia Mecúfi na kuangusha nyumba nyingi, hata za matofali. Hakuna hema, la bei yoyote, litakalosimama mbele ya upepo huo.

Lakini hema linalosimama haraka lina faida nyingine: linashuka haraka. INAM ikitangaza kimbunga kwenye redio, na viongozi wakipita kutoa habari, usikae kulishikilia hema kwa mikono. Toa nguzo, laza kitambaa chini, weka magunia ya mchanga juu yake, halafu nenda na familia kwenye jengo imara mlilopangiwa. Beba kadi za afya, dawa za wanaotumia kila siku, maji safi, chandarua na ile lona yako iliyokunjwa. Wenye hema lililolazwa wanaweza kuliinua tena kesho yake. Lililoachwa limesimama linageuka tanga na kuondoka.

OMBI LANGU

Mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hasimamishi hema. Katika kila bloku wapo wazee wanaoishi peke yao na akina mama wenye watoto wadogo. Mahema yao yamefungwa kwa vigingi vilevile vilivyotuangusha sisi. Vijana wenzangu, magunia manane ya mchanga ni kazi ya asubuhi moja. Tuzipite nyumba hizo kabla mvua haijatutangulia. Kwa yule bibi niliyemtaja tumeshaanza. Hema lake sasa lina magunia, na lona yake imekunjwa karibu na mlango, pale alipotaka mwenyewe iwekwe.

Mwenye swali aje kituo cha afya asubuhi, au amsimamishe aktivista yeyote anayepita katika bloku yake. Mwenye kusoma amsomee jirani asiyejua kusoma.